Ndia Kuu si Kosa la Tahajia

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa wanaosimamia elimu na utamaduni katika serikali ya kaunti, kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya na kwa Baraza la Mitihani la Kenya

Waheshimiwa,

Assalamu aleikum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Mtu akitoka Fort Jesus kuingia Mji wa Kale, barabara inayompokea ni Ndia Kuu. Ndivyo ilivyo kwenye ramani, na ndivyo inavyoitwa na wenye tuktuk na wenye maduka. Mtoto anayekaa barabara hiyo hiyo akiandika "ndia" katika insha, neno hupigiwa mstari mwekundu na juu yake likaandikwa "njia". Masahihisho hayo hayana ubaya. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu na mtoto hana budi kukijua. Ubaya ni kwamba hapana anayemwambia kuwa neno lake lina asili na kanuni, na kwamba limeishi mjini humu kabla shule yake haijajengwa. Hurudi nyumbani na somo moja tu, kwamba nyanyake hajui Kiswahili.

Sisi tunaowaandikia ni walimu, wahariri na wakalimani wa Kiswahili hapa Mombasa. Hatuji kulalama kwamba Kimvita, lahaja ya mji huu, chafa. Maneno hayo yamesemwa sana kwenye makongamano, chai ikanywewa, watu wakaenda zao. Twaja na kazi za kufanywa, na namna ya kuzifanya, na mahali ambapo huharibika.

Kwanza neno lenyewe. Lahaja ni Kiswahili cha mahali, chenye sauti zake, msamiati wake na sarufi yake, ambacho wenyewe hurithishana bila kukaa darasani. Chimiini cha Barawa ni lahaja. Vivyo hivyo Kitikuu, Kiamu, Kimvita, Kivumba cha Vanga na Wasini, Kipemba, Kimakunduchi. Kiunguja nacho ni lahaja, ila kilipata cheo. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ndio uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kusimamia lugha hiyo katika nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kufikia hapo Kimvita kilikuwa na maandishi yake: kamusi ya Krapf, iliyotoka 1882, ilijengwa zaidi juu ya Kiswahili cha Mombasa. Haja ya 1928 ilikuwa vitabu vya namna moja kwa shule za nchi kadhaa. Hukumu ya kwamba Kimvita ni makosa tumeiongeza wenyewe baadaye.

Lahaja huchanganywa na mambo mawili, na mchanganyiko huo umewahi kuharibu kazi nzuri. La kwanza ni lafudhi. Mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu ukubwani na akakitamka kwa ulimi wa lugha yake ya kwanza ana lafudhi, hana lahaja. La pili ni Kiswahili cha miji ya bara kilichofika pwani kwa basi na kwa simu: "ako wapi", "venye alisema". Nacho kina kanuni zake na hatukitukani. Lakini mtafiti akirekodi "ako wapi" Kisauni na kuliandika kama Kimvita, amepotosha. Mvita husema "yuwapi" au "yuko wapi".

Sasa kanuni. Palipo na ch katika Kiunguja, Kimvita mara nyingi kina t: macho ni mato, kucheka ni kuteka, kuchoka ni kutoka, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, kichwa ni kitwa, nchi ni nti. Palipo na nj pana nd: ndia, ndaa, ndoo kwa njoo, nde kwa nje, kuvunda kwa kuvunja, kutinda kwa kuchinja. Lakini si kila ch. Chakula na chombo hubaki vilivyo, kwa sababu ch hiyo ni kiambishi cha ngeli ya ki- kilichokutana na irabu. Chai haigeuki pia, kwani ni neno la kuja. Hapana Mvita aitaye chai "tai". Kwenye sarufi kuna hini nyumba na hunu mti, palipo na hii na huu. Kuna yuwaja palipo na anakuja. Kuna n'takwenda palipo na nitakwenda. Na sanifu yenyewe imechukua mzigo wa upande wa t bila kuulipia ushuru: kila anayesema "mchana kutwa" anatumia ndugu wa kuchwa, yaani jua kuzama.

Kuna na mambo ambayo herufi zetu haziyaonyeshi. Kimvita kina t mbili, moja ambayo ulimi hugusa meno na nyingine ambayo ulimi hugusa ufizi. Ndiyo sababu kuteka kwa furaha na kuteka maji hazigongani masikioni mwa mwenyewe, japo katika daftari ni neno moja. Kina mpumuo pia: paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba halina pumzi, kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina.

Tuje darasani, ambako ndiko hasara ilikojaa.

Mwalimu anayesahihisha hutumia alama moja kwa magonjwa matatu. Chukueni neno mchele. Mtoto mmoja ameandika "mtele", wa pili "mchere", wa tatu "mcele". Wa kwanza ameandika lahaja yake kwa usahihi kabisa. Wa pili ana tatizo la r na l, ambalo ni la matamshi na linahitaji mazoezi ya sikio. Wa tatu hajui tahajia ya ch. Wote watatu wakipewa mstari mmoja mwekundu, hapana anayetibiwa. Twapendekeza herufi L pembeni kwa lahaja, umbo la sanifu liandikwe kando yake, na hesabu yake iwekwe mbali na hesabu ya makosa. Mwalimu asiyekulia pwani atajuaje? Aulize mambo matatu. Je, neno lafuata kanuni ya ch na t au ya nj na nd? Je, mtoto mwingine wa mtaa ule, asiyekaa dawati moja naye, aliandika hivyo hivyo? Je, mzee wa mtaa hulisema? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, basi ni L.

Kuna hatari moja ambayo masahihisho ya haraka huizalisha. Mtoto akiambiwa tu "usiandike t, andika ch", bila kuelezwa, huanza kutia ch mpaka pasipotakiwa: "kuchoka mjini" kwa kutoka mjini, "kuchembea" kwa kutembea. Si uzembe. Ametii kuliko alivyoagizwa. Sababu yake ni kwamba katika maandishi t ya Kimvita ina asili mbili, na ni moja tu inayolingana na ch ya sanifu, kwa hivyo hawezi kukisia kutoka kwenye herufi. Dawa ni orodha fupi. Ubao ugawanywe safu mbili, upande mmoja "nyumbani", upande wa pili "kwenye mtihani". Maneno 10 kwa wiki, dakika 15, watoto wenyewe wayalete. Kwa muhula mmoja maneno ya kawaida ya kundi hili yatakuwa yamekwisha, na zoezi lenyewe litawafundisha kulinganisha maumbo, ujuzi ambao watauhitaji sekondari.

Huko sekondari kuna kioja chake. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ina alama 80, na isimujamii, ambamo mada ya lahaja huingia, ina alama 10. Mwanafunzi hukariri majina ya lahaja kama anayekariri vituo vya treni, bila kusikia sentensi moja ya hata mojawapo. Kisha kwenye ushairi hufundishwa kwamba mshairi ana "uhuru": akifupisha neno ni inkisari, akigeuza herufi ni tabdila. Ampateje Muyaka bin Haji, aliyetunga mjini humu mwanzoni mwa karne ya 19? Akikuta "mato" ataandika tabdila. Akikuta "n'ta-" ataandika inkisari. Muyaka hakugeuza wala hakufupisha kitu. Aliandika lugha ya mtaani kwake. Ni kama kusema kwamba mzee wa Kibokoni anayesema "ndoo hapa" anatumia uhuru wa kishairi kumwita mjukuu.

Kwa Baraza la Mitihani, basi, ombi letu ni dogo na halihitaji kubadilisha silabasi. Mwongozo wa kusahihisha ushairi utenge matumizi ya lahaja na tabdila, na umtake mtahiniwa ataje ushahidi: umbo la lahaja na umbo la sanifu. Neno likiwa la kawaida katika lahaja ya mshairi, jibu la tabdila lisipewe alama. Kwa Taasisi ya Mitaala: kila kitabu kitakachoidhinishwa kufundisha mada ya lahaja kiwe na angalau kifungu kimoja cha maneno 100 kwa kila lahaja ya Kenya inayotajwa, pamoja na sauti yake. Lahaja isiyosikika haifundishiki. Tena mtaala wa madarasa ya chini una nafasi ya lugha ya eneo, na mtoto wa Mji wa Kale huhesabiwa kuwa amekwisha kuipata kwa sababu anasoma Kiswahili. Hajaipata.

Kaunti ina mkono wake hapa. Elimu ya chekechea na shughuli za utamaduni, makumbusho na maktaba ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 nacho kimeipa Serikali wajibu wa kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Vijitabu vya PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, vyaweza kuanza na kurasa 16 (wachapishaji hupenda idadi inayogawanyika kwa 4, la sivyo mnalipia kurasa tupu), vyenye picha za vitu vya nyumbani na majina yake kwa Kimvita na kwa sanifu. Nazi peke yake yatosha kujaza kijitabu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, halafu kifuu na makumbi, na mbuzi ya kukunia. Bahari ina chake: bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, hori na ngalawa. Mengi ya maneno haya yamo kwenye kamusi ya sanifu, lakini mtoto wa mjini hayasikii tena, kwa kuwa nazi sasa huja katika pakiti.

Kazi kubwa ni kurekodi, na hapo twaomba msikilize kwa makini, maana pesa hupotea hapo.

Maeneo matatu ya bunge katika kaunti hii yana majina ambayo pia ni majina ya Kiswahili chake: Mvita, Jomvu na Changamwe. Kimvita, Kijomvu na Kichangamwe si kitu kimoja, na upande wa Kilindini una chake. Kwa hivyo kurekodi wazee wa Mji wa Kale peke yao na kuita kazi hiyo "Kiswahili cha Mombasa" ni kufunga mlango kabla wageni hawajaisha kuingia. Tuanze na sehemu nne: Mji wa Kale, Jomvu Kuu, Changamwe, na Mtongwe. Watu 8 kila sehemu, nusu wanawake, wa vizazi vitatu. Kila mmoja dakika 90. Jumla ni watu 32 na saa 48 za sauti.

Sauti irekodiwe katika faili za WAV, zisizobanwa, hezi 48,000, biti 24, mkondo mmoja. Faili za simu zilizobanwa zaweza kufuta pumzi na kufifisha tofauti ya t mbili, yaani kile kile tulichokuja kukitafuta. Saa moja ya WAV hiyo ni takriban megabaiti 518. Saa zote 48 hazifiki gigabaiti 25. Zitunzwe nakala tatu, moja nje ya Mombasa, kwa sababu chumvi ya hewa yetu haina huruma na vifaa. Kipaza sauti kikae kama sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya p na k isikipige. Feni izimwe. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, baada ya shughuli za nyumbani na kabla ya adhana ya adhuhuri.

Hata vifaa vikiwa vizuri, kazi yaweza kuharibika kwa swali. Mtafiti akimuuliza bibi, "Mchanga mwauitaje?", bibi atajibu "mchanga". Amelisikia neno, amemwona mgeni na mashine, na heshima inamtaka azungumze kama redio. Mbele ya kipaza sauti watu husafisha lugha. Kwa hivyo msiulize kwa neno, wekeni kitu. Leteni ukufi wa mchanga, kifumbu, nazi ya kila hatua, na mketishe wazee wawili wanaojuana wazungumze wao kwa wao, mtafiti akae kimya. Dakika 20 za mwanzo mara nyingi ni za sanifu. Msizifute, lakini msizitegemee. Na anayerekodi wanawake wa jikoni awe mwanamke, si kwa sheria bali kwa sababu msamiati wa jikoni hauji mbele ya kijana wa kiume mwenye daftari.

Kila rekodi iambatane na karatasi yenye umri, mtaa aliokulia msemaji, mitaa ya wazazi wake, miji mingine aliyoishi na muda gani, na lugha nyingine anazozijua. Jina lisiwemo kwenye faili. Idhini iandikwe kwa Kiswahili anachokifahamu, isomwe kwa sauti, na iseme wazi kwamba anaweza kuiondoa sauti yake baadaye na kwamba haki ya hadithi na mashairi anayoyatoa ni yake. Bila hayo, rekodi hizo haziwezi kuwekwa hadharani kihalali, na zitafia kwenye kabati.

Gharama ya kweli ni kuandika kilichosemwa. Saa moja ya mazungumzo humla mwandishi mzoefu siku nzima, mara nyingi mbili. Saa 48 ni siku za kazi 48 hadi 96. Bajeti inayotaja kamera na fulana na kusahau waandishi si bajeti ya lugha.

Katika kuandika, mpumuo uonyeshwe kwa alama ya ritifaa: p'aa, k'aa. Hapo kuna mtego wa kompyuta. Ritifaa ya kawaida, ritifaa iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, na ritifaa ambayo ni herufi, ni vibambo vitatu tofauti japo jicho huviona kimoja. Mwandishi mmoja akitumia hiki na mwenzake kile, msomaji akitafuta k'aa hataipata. Chagueni ya tatu, yenye namba U+02BC katika orodha ya vibambo ya Unicode, ambayo mashine huihesabu kama herufi, muitumie pia kwenye ng' na n'ta. Kuhusu namna ya kuonyesha t ya meno, hata sisi wenyewe hatujakubaliana. Wengine wataka mstari chini ya herufi, wengine wasema sauti yatosha. Mgogoro huo usiwacheleweshe. Rekodini kwanza.

Hospitali na mahakama tutazipitia upesi. Bibi akimwambia muuguzi, "Kitwa chaniwanga, na mwili umetoka", anaeleza maumivu ya kichwa yanayopwita na uchovu. Muuguzi kutoka bara aliyezoea kwamba kuwanga ni kazi ya wachawi wa usiku ataandika kitu kingine kabisa, au hataandika kitu. Karatasi moja, pande mbili, yenye maneno 40 ya mwili na maradhi, igawiwe kila muuguzi na kila karani wa mahakama anayehamishiwa Mombasa. Wakalimani wa mjini waweza kuikamilisha kwa wiki mbili.

Vibao vya barabara navyo: majina yaliyoandikwa kwa Kimvita yaachwe yalivyo, na chini yake yaongezwe maelezo mafupi. Na istilahi mpya zitafutwe kwenye lahaja kabla ya kukimbilia kuazima. Neno runinga, linalotumiwa leo kwenye vyombo vya habari vya Kenya, ni la marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, ambaye hazina yake ilikuwa Kiswahili cha kaskazini.

Hatuombi mitihani iandikwe kwa Kimvita, wala gazeti la serikali. Sanifu ibaki na kazi yake.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi ifikapo 30 Aprili. Kitu kisichotajwa katika ule wa Septemba huwa vigumu kukipatia fungu Aprili. Twaomba mstari mmoja, chini ya utamaduni, wenye maneno haya: kurekodi na kunakili lahaja za Kiswahili za Mombasa, saa 48, sehemu nne. Orodha ya vitu vya kupeleka kwa wazee, nakala ya karatasi ya idhini na mfano wa mwongozo wa kusahihisha tumeshaviandaa, na tutavileta ofisini siku mtakayotuita.

Wenu,

Walimu, wahariri na wakalimani wa Kiswahili
Mombasa